Soga, na Njia Iliyoihama Bagamoyo

Atokaye Dar es Salaam kwa reli, akishavipita vilima vya Pugu na kuanza kuteremkia upande wa bonde la Ruvu, hufika Soga kabla hajaizoea safari yake. Soga ni kituo cha siku nyingi cha Reli ya Kati, katika Wilaya ya Kibaha, kwenye ukanda ule ambapo Kibaha na Kisarawe zinapokezana vijiji, mikorosho na mapori. Asichanganyikiwe msomaji na Msoga ya Chalinze, ambayo jina lake lilivuma zaidi kwa kuwa ndiko kwao Rais Kikwete. Soga hii haikuvuma. Jina lake linamkumbusha Mswahili neno la mazungumzo, kupiga soga, na ingawa hilo si ushahidi wa asili yake, linakifaa kituo ambacho kwa zaidi ya karne moja kazi yake imekuwa kuwashusha watu, kuwapakia, na kuwasikiliza wakisubiri.

Lakini mahali hapa padogo pamebeba sehemu ya kisa cha mji mkubwa. Reli ipitayo Soga ingeweza kupita kwingine. Njia kuu ya kale ya kutoka pwani hadi Unyanyembe na Ujiji haikuanzia Dar es Salaam, wala haikupanda vilima vya Pugu. Ilianzia Bagamoyo. Anayetaka kujua ni kwa nini mji uliokuwa mlango wa bara nzima uligeuka kuwa mji wa magofu na makumbusho, hana budi kuja Soga na kuutazama mstari wa chuma ulionyooshwa kuelekea magharibi.

Kabla ya chuma ilikuwapo sandarusi. Ardhi ya Uzaramo, tokea nyuma ya Bagamoyo hadi kusini ya Kisarawe, ilikuwa na utomvu wa miti ya kale ulioganda chini ya mchanga kwa zama zisizohesabika. Wazaramo waliuchimba kwa majembe, wakauuza pwani, nao ukavushwa Unguja, kisha ukapelekwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani kutengenezwa vanishi. Katika mji wa Salem, Massachusetts, palikuwa na kiwanda kizima cha kuisafisha sandarusi ya pwani hii. Merikebu za huko ndizo zilizoleta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo jina lake ni merikani. Basi ile nchi ya mapori ambayo wapita njia wa Kizungu waliiandika kama kizuizi tu kati ya bahari na maziwa, ilikuwa tayari inafanya biashara na dunia, na mchimbaji wa Uzaramo alivaa nguo iliyofumwa ng'ambo ya bahari mbili.

Bagamoyo yenyewe si ya kale sana kama watu wanavyodhani. Wa kale ni Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kutoka mjini, ambako msikiti wake unahesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yake ya nguzo yangali yamesimama kati ya mikoko na minazi. Kaole ilipozimika, pwani ile ikabaki na vijiji vya Washomvi, wavuvi na wachemshaji chumvi, walioishi kwa maelewano na ugomvi na Wazaramo wa bara. Masimulizi ya kwao yanasema kuwa Washomvi waliposhambuliwa na Wakamba walimwita Pazi wa Wazaramo awaokoe, na kwa wokovu ule wakawa wanamtolea ada kila mwaka. Masimulizi ya namna hii yapasa kusomwa kama mkataba na si kama kumbukumbu ya vita. Yanaeleza nani anamwia nani, na kwa nini mtu wa bara akifika pwani ana haki ya kupokewa kwa heshima.

Mji ulikua katika karne ya 19 kwa sababu moja iliyo wazi, nayo ni Unguja. Bagamoyo inaelekeana na Unguja, na jahazi lenye upepo mwema huvuka kwa muda mfupi. Pwani yake ni ya mchanga unaoteremka polepole, maji yakijaa majahazi yanasogea hadi karibu, yakikupwa yanakaa juu ya mchanga na watu wanashusha bidhaa kwa miguu. Kwa tanga hakuna bandari bora. Shanga, kaniki, merikani, waya wa shaba na bunduki vilishuka hapo, na pembe zikapakiwa. Mashekhe, Mabaniani, Makhoja, Mabuluchi, Wamanga, Washomvi na Wazaramo walikaa mtaa kwa mtaa chini ya liwali wa Sultani na majumbe wa mji, ambao kila mmoja alikuwa na siwa na ngoma zake na hakuwa tayari kumwachia mwenziwe hata hatua moja ya maandamano.

Na kiangazi kilipowadia walifika Wanyamwezi. Hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa mji. Waliingia kwa maelfu, wakapiga kambi pembezoni, wakauza pembe zao, wakangoja mizigo ya kurudi nayo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, mbali na jungu, mkeka na chakula chake mwenyewe. Safari ya hadi Tabora ilichukua kama miezi mitatu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, amewaeleza watu hawa kama wafanyakazi wa ujira wenye kanuni zao, waliojadiliana posho, waliogoma walipodhulumiwa na waliojivunia safari kama baharia anavyojivunia bahari. Sura hiyo ni tofauti na ile picha iliyozoeleka ya msururu wa watu waliofungwa minyororo.

Ndipo linapokuja suala la jina. Wapo wanaosema kuwa Bagamoyo ni bwaga moyo kwa maana ya kukata tamaa, sauti ya mtumwa anayeiona bahari na kujua kuwa hatarudi. Wapo wanaosema kuwa ni neno la mpagazi anayetua mzigo, bwaga moyo, tulia, umefika. Vibao vya kuwaelekeza watalii hupenda maelezo ya kwanza. Mtu wa fani ya ushairi atakumbuka kuwa katika Kiswahili kinachobwagwa kwanza ni mzigo, na kwamba wimbo pia hubwagwa, kwa hiyo neno lenyewe halina huzuni ndani yake mpaka litiwe. Hata hivyo si haki kuichagua maana ya raha na kuifukuza ya uchungu. Ni kweli kwamba Kilwa ilisafirisha watumwa wengi kuliko Bagamoyo, na kwamba biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe. Lakini watumwa walipita Bagamoyo pia, wapo wapagazi waliokuwa watumwa wa matajiri wa mji, na mkataba wa Juni 1873 ambao Sayyid Barghash aliufunga na Waingereza ulilifunga soko la Unguja bila ya kuikomesha mara moja biashara ya magendo ya pwani. Njia moja iliwabeba waliokuja kutafuta mali na walioletwa kuwa mali. Jina moja linaweza kuwabeba wote wawili.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakapewa ardhi kaskazini ya mji, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa na shamba kubwa la minazi. Ni katika kanisa lao ndimo maiti ya Livingstone ilimolazwa, Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuichukua kutoka kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliotenda ajabu ile walikuwa wapagazi. Maiti ilipelekwa Westminster kwa heshima zote. Wachukuzi wengi wa maiti walilipwa na kuachwa watawanyike.

Kwa hiyo, Bagamoyo ilipokuwa katika kilele chake, Dar es Salaam ilikuwa nini? Palikuwa na kijiji cha Mzizima, na kando yake mji ambao Sayyid Majid aliuanza katika miaka ya 1860, akaupa jina la salama na kuujengea kasri. Majid alifariki mwaka 1870. Nduguye Barghash hakuwa na hamu nao, nyumba zikaota majani. Mwaka 1877 Waingereza chini ya mfanyabiashara Mackinnon walianza kupasua barabara kutoka hapo kuelekea ziwa Nyasa, na mwaka 1881 wakaiacha porini. Mtu mwenye akili timamu, kama angeulizwa mwaka ule aweke fedha zake wapi, angejibu Bagamoyo bila kufikiri.

Kinachofanana na hayo kimetokea mbali sana, Japani. Mkataba wa mwaka 1858 baina ya Japani na Marekani uliitaja Kanagawa kuwa bandari ya kufunguliwa kwa wageni. Kanagawa ulikuwa mji wa njiani, kituo cha tatu kwenye barabara kuu ya Tokaido itokayo Edo, wenye nyumba za wageni, farasi, wachukuzi na misafara ya wakubwa. Watawala wa Edo hawakutaka wageni wakae juu ya barabara yao kuu, basi mwaka 1859 wakaifungua bandari upande wa pili wa ghuba, kwenye kijiji cha wavuvi kiitwacho Yokohama. Mabalozi walilalamika kuwa wamechezewa shere, lakini wafanyabiashara waliyaona maji ya Yokohama kuwa na kina kizuri zaidi, wakakaa. Mwaka 1872 reli ya kwanza ya Japani ilifika Yokohama. Leo Yokohama ni miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya nchi ile, na Kanagawa ya kale imebaki kuwa mtaa ndani yake, ingawa jimbo zima bado linaitwa kwa jina lake. (Wajapani nao wana Soga yao, kituo cha reli katika mji wa pwani wa Chiba, ng'ambo ya ghuba hiyohiyo. Majina husafiri kuliko watu, au hujizalia yenyewe.)

Mzizima ndiyo Yokohama ya Mrima. Tofauti ni kwamba Wajapani waliihamisha bandari yao kwa hila zao wenyewe, na pwani ya Mrima ilihamishiwa na wengine. Aprili 1888 Sayyid Khalifa alitia saini mkataba wa kulikodisha eneo la pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti ile maofisa wa kampuni waliposhuka kuzichukua forodha, ugomvi wa bendera na madaraka uliwasha moto Pangani na Bagamoyo. Abushiri bin Salim akaongoza vita, na Bwana Heri akasimama Saadani. Bagamoyo ilipigwa mizinga kutoka merikebuni, sehemu ya mji ikateketea, na watu wengi wakakimbilia misheni. Wissmann aliletwa mwaka 1889 na askari wa kukodi. Tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhry juu ya vita hivyo ungalipo, na hadi leo ni hati ya pekee inayoyatazama mambo yale kutoka upande wa waliopigwa.

Waliosema kuwa reli ndiyo iliyoiua Bagamoyo wamekosea kwa miaka 14. Ujerumani ilipoitwaa pwani moja kwa moja, makao makuu ya utawala yalikuwa Bagamoyo kwa muda mfupi, na mwaka 1891 yakahamishiwa Dar es Salaam. Sababu ilikuwa meli za moshi. Mchanga ule uliokuwa rafiki wa majahazi ulikuwa adui wa chuma. Meli zililazimika kutia nanga mbali na kushusha kwa mashua, na bandari ya Dar es Salaam ilikuwa na mlango mwembamba na maji ya kina yaliyotulia ndani. Hata hivyo, misafara haikuhama na magavana. Muda wote wa miaka ya 1890 Wanyamwezi waliendelea kufika Bagamoyo, kwa kuwa njia ya miguu ina tabia ya mto. Wajerumani wenyewe walijenga boma jipya mwaka 1897, na Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyewauzia na kuwakodishia wasafiri karibu kila walichohitaji, alitoa ghorofa ya mawe iwe skuli kwa sharti kwamba isibague kabila wala dini. Mji uliokufa haujengewi ghorofa.

Pigo la kwanza la reli nalo halikutoka Soga. Lilitoka Mombasa. Reli ya Uganda ilipofika ziwa Viktoria mwaka 1901, bidhaa za Mwanza na Bukoba zikageuza uso kaskazini. Kisha, mwaka 1905, ujenzi wa Reli ya Kati ukaanza Dar es Salaam, chini ya kampuni ya Philipp Holzmann. Ukapanda Pugu, ukashuka Soga, ukavuka Ruvu, na mwisho wa mwaka 1907 ukafika Morogoro. Tabora ilifikiwa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka uleule wa 1905, wakati tuta la reli likiinuliwa, Vita vya Maji Maji vilienea hadi Uzaramo, katika nchi hiyohiyo ya Kisarawe, ambako watu walikuwa wamechoshwa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa.

Hesabu ya reli ni fupi. Tani moja ya mzigo ilihitaji wapagazi zaidi ya 30. Behewa moja la tani 10 ni msafara wa watu zaidi ya 300, na behewa halili, haliugui, halijadili posho. Wanyamwezi wengi waliajiriwa kuijenga njia ile. Mikono iliyojua kazi ya kubeba ndiyo iliyoinua tuta lililoifuta kazi hiyo. Faida yake haifai kudharauliwa. Frasila mbili begani kwa miezi mitatu haikuwa maisha ya kutamaniwa, na makaburi ya njiani hayana idadi. Lakini upagazi ulikuwa pia mwendo wa lugha. Kiswahili kilifika Tabora na Ujiji kwa miguu, katika vinywa vya watu waliolala pamoja kambini, na Bagamoyo ndiyo iliyokuwa darasa lake.

Hilo ndilo linalompa uzito Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa mtu wa pande hizo za Bagamoyo, mwenye elimu ya dini, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kuhusu desturi za Waswahili kimejengwa kwa sehemu kubwa kwa kalamu yake, ingawa jina lililokaa juu ya jalada kwa miaka mingi lilikuwa la Velten. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905, mwaka wa reli na wa Maji Maji, wawili hao walipanda meli kurudi nyumbani, na walipofika Dar es Salaam serikali ya koloni haikukubali wakae kama mume na mke. Wakarudishwa Ujerumani. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927, asiione tena Bagamoyo. Bandari iliyoitwa salama haikumpokea mtu aliyeandika kuliko wote juu ya mwambao wake.

Yaliyofuata yaelezwe kwa ufupi. Waingereza waliitwaa Bagamoyo Agosti 1916 na Dar es Salaam mwezi uliofuata. Vita vile vilimrudisha mpagazi kwa nguvu, na kambi ya wachukuzi ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Mwaka 1963 ilifunguliwa reli ya kuunganisha Ruvu na Mruazi, ili Reli ya Kati ishikane na ile ya Tanga. Ikapita bara ya Bagamoyo, isiingie mjini. Hata mto Ruvu, ambao mlango wake wa bahari uko kaskazini ya Bagamoyo, ulitegwa kulinywesha jiji la Dar es Salaam, Ruvu Juu mwaka 1959 na Ruvu Chini mwaka 1976. Kusini kidogo, reli ya TAZARA ilipita Mzenga ya Kisarawe.

Bagamoyo ikabaki na kile ambacho hakipakiwi behewani. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Ngoma za makabila ambayo wapagazi wake walikuwa wakipiga kambi nje ya mji zikawa zinafundishwa ndani yake. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe katika orodha yake ya urithi unaopendekezwa kwa UNESCO. Steven Fabian, katika kitabu cha mwaka 2019 kuhusu mji huo, ameonyesha kwamba watu wa Bagamoyo walijihesabu kwanza kuwa watu wa mji kabla ya kuwa Waarabu, Washomvi au Wazaramo. Hoja hiyo inastahili kusomwa na kila anayeamini kuwa pwani ni orodha ya makabila. Mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba na Wachina wa kujenga bandari kubwa upande wa Mbegani, na mwaka 2019 Rais Magufuli akaukataa kwa masharti yake. Wazee wa mji walikuwa wameshazoea kungoja.

Soga nayo ilizindukana. Ujenzi wa reli mpya ulipoanza mwaka 2017, kambi kubwa ya kazi iliwekwa hapo na mataruma ya zege yakafyatuliwa Soga ili kulazwa njiani. Juni 2024 treni za umeme zilianza kwenda Morogoro, na mwezi Julai zikafika Dodoma. Wilaya mbili hizi, Kibaha na Kisarawe, zimekuwa na reli za vipimo vitatu: milimita 1,000 ya Wajerumani, 1,067 ya TAZARA, ambayo ndiyo pia ya reli nyingi za Japani, na 1,435 ya sasa. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine.

Treni mpya hupita Soga kwa kasi ambayo mpagazi asingeisadiki, na baadhi husimama. Anayeshuka hapo akitaka kwenda Bagamoyo huelekea kwanza Mlandizi, kisha hushika barabara ya Makofia, kaskazini mashariki, kuelekea baharini. Njia hiyo ni ya gari.